Filimbi Mara Mbili

Tarehe 4 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu zikufikie ukiwa umekaa, maana najua kazi yako ya uuguzi ni ya kusimama siku nzima. Mimi sijambo, mgongo tu ndio unaonikumbusha umri. Wagonjwa wako hawajambo? Bado wanakuita sista kwa adabu halafu wanakimbia sindano yako? Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unanikatiza, na hapa huna njia. Dereva wa basi ameniahidi bahasha itakufikia keshokutwa.

Soko letu limetulia tangu mwenyekiti anipe ukuu wa walinzi. Nina wanaume kumi na mmoja wenye marungu, na utaratibu nimeuweka mwenyewe. Filimbi moja ndefu maana yake mwizi, njooni wote. Filimbi fupi mbili maana yake basi, rudini nyuma, mikono chini. Marungu ni mengi lakini filimbi ni moja, nayo inaning'inia shingoni mwangu. Ndiyo maana wananiita Jemedari, na usicheke.

Jumanne tulimnasa mmoja kwenye vibanda vya viatu, kampokonya simu mama muuza vitunguu. Nikapuliza moja. Ungeona walivyomiminika. Rungu la kwanza lilimpata gotini, nikasikia mfupa ukivunjika. La pili lilitua mdomoni, na meno mawili yakaangukia kwenye viatu vya watoto vilivyopangwa pale chini. Nilihesabu mpaka ishirini bila haraka, ndipo nikapuliza mbili. Waliacha palepale. Mwezi huu hatajaribu mtu tena.

Sasa la kuniumiza. Chiriku hasemi. Wewe ndiye uliyempa binti yangu jina hilo kwa domo lake, basi siku hizi yuko kitandani kimya. Vidole vimevimba hata kalamu haishikiki, na mitihani ni mwezi wa sita. Homa inakuja, inaondoka, inarudi. Zahanati wamempa dawa za malaria mara tatu na kidudu hawajakiona hata mara moja. Puani na mashavuni ana wekundu, utadhani kazabwa makofi. Nilimuuliza nani kakupiga nimfuate, akatabasamu kidogo akasema hakuna mtu, Baba. Tangu mama yake afariki mimi ndiye kila kitu, na kuuguza sikujui. Wewe umesoma. Niambie nimpige nani.

Kaka yako,
Jemedari


Tarehe 9 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Barua imefika, bahasha ikinuka mafuta ya dizeli. Mimi mzima, ila miguu imevimba kwa kusimama na usingizi sina hamu nao tena. Pole kwa mgongo, na umwambie Chiriku shangazi yake anamdai hadithi.

Sitakuficha, hiyo ya kuhesabu mpaka ishirini sijaipenda. Nani alikupa hesabu hiyo? Mtu akishaanguka chini, ya nini kumi na tisa nyingine?

Nikueleze kilichonitokea wodini, uone kwa nini nimekasirika. Juzi nimemfunika shuka fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa rika lako. Alikatwa na bati kidoleni. Alikuja kwa miguu yake akitutania. Tukampa dawa za kuua vijidudu, na zikaua kweli, damu ilipopimwa tena ilirudi safi. Naye akaendelea kufa. Mwili una walinzi, kaka. Wakiona kidudu wanaitana, wanatoboa njia kwenye mishipa wapite, wanamwaga joto na maji na sumu. Ule uvimbe, ule wekundu, ile homa si kidudu, ni vita yao. Kidudu kikishakufa lazima pawe na kitu cha kuwaambia basi. Kwa fundi yule hakikuwepo. Walipiga kila kilichokuwa mbele yao. Mishipa ilivuja mwili mzima, akavimba mpaka tukaikata pete ya ndoa kwa koleo, presha ikaanguka, figo zikazima, vidole vikawa vyeusi akiwa bado anapumua. Mkewe alikuja na suruali safi ya kumrudisha nyumbani nayo.

Chiriku hana wa kupigiwa. Naogopa walinzi wake wa ndani ndio wanaompiga, bila mwizi yeyote kuingia. Kesho, sio keshokutwa, mpeleke hospitali kubwa. Mwambie daktari habari ya mashavu, vidole na homa. Angalia na mkojo wake kama una povu, na usione haya, wewe ni mzazi.

Mdogo wako


Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu, mwenye mdomo wako,

Natumaini u mzima na miguu imepungua uvimbe. Huku leo nina furaha ya kumwaga.

Uliyoyasema ndiyo hayo hayo. Walimpima damu chupa tano, nikataka kumshika mkono yule wa maabara. Daktari ni mama mmoja mfupi, mkali kuliko wewe. Alitaja jina la ugonjwa, refu, likanipita. Alisema ni mwili kujishambulia wenyewe, na kwamba figo zimeanza kuguswa lakini tumewahi. Vidonge vyeupe vinane kila asubuhi baada ya kula. Siku ya nne, vidole vikashuka. Siku ya saba nilirudi nyumbani nikamkuta anabishana na jirani kuhusu jambo asilolijua, nikajua mtoto kapona. Anaandika tena, na anakula sana. Jana kafuta sufuria kwa kidole.

Nikupongeze, na ujue sipongezi ovyo. Swali langu ni moja tu: hivi vidonge vinafanya nini humo ndani? Nilimuuliza daktari, akaeleza haraka, nikaitikia tu nisionekane mjinga.

Kaka yako,
Jemedari


Tarehe 7 Aprili

Kaka,

Shikamoo, na hongera ya Chiriku. Nimelia kwa furaha chooni, ndiko pekee tunakopata nafasi. Mimi mzima.

Naandika kwa kifupi, tuna wagonjwa sakafuni. Dawa hizo zinashusha kinga ya mwili, kwa hiyo mtenge na wenye mafua na wenye vidonda. Mengine nitakueleza nikitulia. Wananiita.

Mdogo wako


Tarehe 12 Mei

Kaka yangu,

Shikamoo. Huu ni mwezi na ushei sijapata barua yako. Simu unaiacha iite mpaka inachoka. Nimemuuliza dereva wa basi, kasema anakuona sokoni unapita mbali naye, kama mtu anayemkwepa mtu.

Umekasirika? Nimekosea wapi? Kama ni ile ya kuhesabu, sirudishi neno, lakini nitakuomba radhi kwa ukali wake. Chiriku yukoje? Naota vidole vyake, kaka, na mimi si mtu wa kuota. Andika hata mstari mmoja. Andika tusi, nitalisoma kwa shukrani.

Mdogo wako


Tarehe 19 Mei

Mdogo wangu,

Salamu. Usiniulize hali yangu, nitakueleza mwenyewe, na safari hii nashukuru kwamba huwezi kunikatiza.

Barua yako ile fupi niliisoma mara tatu. Zinashusha kinga. Mimi ni mlinzi. Mtu akiniambia niwashushe walinzi wakati nyumba imevamiwa, nitamwona mwehu au mshirika wa wezi. Nilisema mdogo wangu kachoka na kazi, au yule daktari anamfanyia mwanangu majaribio. Nikachukua kopo la vidonge nikalimwaga chooni, nikavuta maji. Chiriku aliniuliza, nikamwambia umehitimu. Alishangilia, maana vilikuwa vinamkera kwa uchungu. Alinishukuru. Ulijue hilo.

Siku ya sita alianza kulalamika magoti. Wiki ya pili vidole. Wiki ya tatu aliamka macho yamefumba kwa uvimbe, mkojo una povu na rangi ya chai. Nikajua nilichofanya, na nikashindwa kukuandikia. Nilijidanganya kwamba walinzi wake wataizoea kazi. Nilikuwa namkanda kwa maji ya moto na kumwambia ajikaze.

Jumatano ya tarehe sita hakuweza kusimama. Nilimwacha kwa jirani nikaenda sokoni, damu inanichemka na sina wa kummalizia hasira. Saa tano mtu akapita mbio kutoka upande wa vibanda, kakumbatia begi. Mtu mmoja akapiga kelele mwizi. Sikuuliza nani kaibiwa. Nikapuliza moja.

Walimwangusha kwenye mfereji wa maji machafu. Nikaanza kuhesabu. Walimvunja mkono wa kulia, kisha mbavu, nilisikia pumzi ikimtoka kwa mlio. Mmoja alipanda juu ya mapaja yake na viatu akaruka. Alikuwa anasema fundi, fundi. Aliinua mkono uliobaki, nao wakaupiga. Nilifika ishirini na filimbi iko mdomoni. Mate yangu yalikuwa ndani yake. Sikupuliza. Mdogo wangu, nilikuwa nawatazama na nilijisikia nafuu, kwa mara ya kwanza mwezi mzima nilijisikia nafuu. Nilihesabu mpaka tisini.

Tukafungua begi. Bisibisi, koleo, na feni ya jokofu imefungwa kwenye gazeti. Alikuwa fundi wa majokofu, anakimbilia basi.

Kabla sijafunga begi jirani alifika akihema, Chiriku kaanguka. Nilimbeba mgongoni mpaka barabarani. Yule daktari mfupi aliuliza nani kakatiza dawa. Nilisema mimi. Hakunitukana, alitoka nje kidogo, akarudi na dripu ya dawa ileile, kali zaidi. Akasema figo ziko ukingoni na dawa hii haikatwi kwa akili ya mtu nyumbani.

Nikakaa ukumbini sakafuni. Mwanamke mmoja akanisogezea nusu ya mkeka wake na kunimiminia chai kutoka chupa yake. Akaniuliza namuuguza nani, nikasema binti. Sikumuuliza yeye, akanieleza mwenyewe. Mumewe kapigwa sokoni. Aliamka anaongea, akamwagiza kuhusu jokofu la mteja, watu wakadhani kapona. Kisha misuli iliyopondwa ikamwaga uchafu wake kwenye damu, figo zikazima, akavimba kila mahali, hata pale ambapo hakupigwa. Mwanamke alisema daktari kamwambia marungu yaliisha Jumatano, lakini mwili wa mumewe bado haujaambiwa. Siku tatu tulikaa mkeka mmoja. Nilikuwa nakwenda kumchotea maji.

Jumamosi asubuhi walimwita. Akanipa chupa ya chai nimshikie. Nikasikia alivyolia mle ndani. Nikakimbia, na chupa yake mkononi. Iko hapa mezani ninapoandika.

Chiriku yu hai. Jana kauliza kama mitihani imeanza. Sijui kama figo zitarudi.

Kaka yako


Tarehe 21 Mei

Kaka,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa chini kwenye korido mpaka mfagiaji akaniuliza kama niitiwe mtu.

Kosa la kwanza ni langu na nalibeba. Nilikuandikia neno la hospitali kana kwamba wewe ni muuguzi mwenzangu. Kinga. Neno hilo ni lilelile tunalojikingia, na ni lilelile la kinga cha moto, kile kijiti chenye makaa tulichokuwa tunachukua jikoni kwa mama kuwashia jiko la pili. Ukikishika vizuri unapika. Kikianguka kwenye godoro, nyumba imekwenda. Nami nikakuambia tu kinashushwa, nikakimbilia wagonjwa.

Ningeandika hivi. Dawa ya Chiriku ni filimbi mbili. Haimfukuzi mlinzi, wala haimwachii mwizi mlango. Inasema basi, rudini nyuma, mikono chini. Mtu mwenye afya anayo filimbi hiyo ndani yake. Wamo walinzi ambao kazi yao ni kuwashika wenzao mikono, na wao ndio wanaotufanya tuamke siku ya pili baada ya mafua. Wa Chiriku wamelegea, kwa hiyo tunampulizia kutoka nje, kila asubuhi, labda maisha yake yote. Hii unaielewa. Hakuna mtu katika ukoo wetu anayeielewa kuliko wewe, ndiyo maana siwezi kukusamehe zile sabini za baada ya ishirini.

Kuita watu wapige hata mtoto anaweza. Walikuchagua kwa ajili ya zile mbili.

Usimkatie Chiriku dawa hata siku moja. Hilo ni la kwanza. La pili, chupa ya chai ya yule mama. Irudishe kwa mkono wako, na ukiirudisha, sema. Najua utakachopoteza, na najua Chiriku atabaki na nani usiporudi, nimeshaomba likizo. Lakini usiniandikie tena kabla hujaenda, kwa maana sitaifungua.

Mdogo wako anayekupenda, na leo anakuogopa


Tarehe 30 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Usishtuke kwa mwandiko, ni wangu mimi Chiriku. Baba anasema mimi naandika, na nisiongeze wala nisipunguze. Anaanza hivi.

Mdogo wangu, salamu. Mimi sijambo. (Hili nitalirudia chini, Shangazi.) Likizo yako isukume mpaka Agosti, ndipo kesi inaposikilizwa, na ndipo nitakapokuhitaji hapa.

Nilikwenda kwa yule mama. Nilimpa chupa yake nikiwa nimesimama mlangoni, nikasema mimi ndiye mwenye filimbi. Hakupiga kelele. Alifungua chupa, akainusa, akaenda kuisuuza, akarudi. Akauliza ilichukua muda gani. Nikamwambia nilihesabu mpaka tisini, na kwamba ningeweza kuacha popote. Akaifunga chupa kifuniko, akaiweka chini. Ndipo akasema, "Hiyo tisini kaihesabu tena mbele ya askari. Wahesabie yote, usiruke hata moja."

Nikaenda kituoni, nikataja jina langu kwanza, kisha ya wengine. Waliniachia kwa dhamana ya mwenyekiti. Nilipita sokoni mchana kuaga, sikutaka kuondoka kama mwizi. Walikuwa wameshasikia. Mmoja wao alikuwa na filimbi mpya, akapuliza moja.

Nilijikinga kichwa kwa mikono, ndiyo maana siandiki mimi. Mkono wa kushoto ulivunjika mara mbili, wa kulia wameuponda vidole. Walinipasua mdomo, nikala mchanga na damu, na viatu vyao navijua, vya kila mmoja, nilivitambua kimoja kimoja. Ile yangu ilikuwa bado shingoni. Niliivuta kwa meno na kile kilichobaki cha mdomo, nikapuliza mbili. Ilitoka mbovu, imejaa damu. Wanne walishusha marungu. Si kwa huruma, mdogo wangu. Ni mazoea tu. Mikono ilishuka kabla vichwa havijafikiri. Wanne hao wakasimama, kisha wakaanza kuwavuta wengine. Ni mimi niliyewafundisha, na zile mbili fundi yule sikumpa.

Hayo ndiyo yangu. Kaka yako.

Shangazi, yafuatayo ni yangu, Baba amesinzia. Hajambo gani? Kijiko hawezi kushika, namlisha mimi, na ananilaumu kwamba nampuliziapulizia uji kama mtoto. Mdomo una nyuzi saba. Mitihani imenipita, nitafanya mwakani. Daktari mfupi anasema figo zangu zimerudi nyingi kuliko alivyotegemea. Mkojo hauna povu, naangalia kila siku, sioni haya. Vidole vinaandika polepole lakini vinaandika, unaona mwenyewe nimekujazia karatasi.

Nilipotoka hospitali Baba alikuwa anapuliza filimbi mara mbili kila asubuhi saa mbili, nije nimeze vidonge. Jirani alilalamika, akampulizia na yeye. Siku hizi filimbi iko kwa askari, ni kielelezo cha kesi, kwa hiyo napuliza kwa midomo tu, pii, pii. Napuliza mwenyewe, nameza mwenyewe.

Sijui nikuambie hili au nisikuambie. Baba analala na mikono yake ya plasta imefunika kichwa, ameiinua hivi, usiku kucha mpaka asubuhi. Ukimshushia anairudisha. Daktari anasema itamchelewesha kupona. Lakini asubuhi, nikipuliza mbili, anaishusha mwenyewe, bado yuko usingizini, ikae chini kidogo kabla ya kupanda tena.

Basi siku hizi simalizi haraka. Nameza kidonge kimoja kimoja, na kabla ya kila kimoja napuliza.

Mtoto wako,
Chiriku